"Hakuna" Iwe Hakuna Kweli: Kumrahisishia Mwananchi Kutafuta Habari Kwenye Majedwali ya Tovuti

(Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wakazi na maafisa wa teknolojia kuhusu tovuti za umma. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Naomba nianze na kisa.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijajiunga na kaunti, nilifanya kazi kwenye dawati la habari la ofisi moja ya umma. Asubuhi moja alikuja kijana aliyekuwa ameomba kazi. Orodha ya walioitwa kwenye usaili ilikuwa imewekwa kwenye tovuti, na simu yake ilikuwa imeisha chaji. Akaniomba nimwangalizie. Nikaandika jina lake kwenye sanduku la kutafutia. Jibu likaja: "Hakuna rekodi." Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Hakuna. Nikamwambia, "Pole ndugu yangu, hukuitwa. Jaribu wakati mwingine." Akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili alirudi. Jirani yake alikuwa ameliona jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku ya usaili ilikuwa imepita.

Jina lile lilikuwa kwenye tovuti tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na ritifaa, kama jina Ng'ang'a. Aliyechapa orodha alitumia programu inayoipinda ritifaa yenyewe, na kibodi yangu iliandika ritifaa iliyonyooka. Kwa macho yetu hiyo ni alama moja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kama vile A na B. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini kijana yule alipewa jibu la uongo, na mdomo uliolitoa ulikuwa wangu. Nilimwomba radhi. Siku ya usaili sikuweza kumrudishia.

Ndiyo maana nimeomba nafasi leo nizungumzie vichujio. Hoja yangu ni moja: mwananchi akitafuta jambo kwenye tovuti ya umma na kuambiwa "hakuna", basi iwe hakuna kweli.

Kuweka habari mtandaoni hakutoshi

Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Kwa hiyo ofisi za umma huchapisha mambo mengi: miradi, zabuni, leseni, bajeti, majina ya walioitwa kwenye usaili. Habari hizi huwekwa katika majedwali, yaani safu za mistari kama kitabu cha hesabu cha mwenye duka. Jedwali la miradi ya miaka michache linaweza kuwa na maelfu ya mistari. Hakuna mtu atakayeusoma mmoja baada ya mwingine kwenye simu akiwa ndani ya matatu.

Hapo ndipo kichujio kinapohitajika. Ni kama chujio la chai. Matundu yakiwa makubwa, majani yanaingia kikombeni. Matundu yakiziba, hata chai haipiti. Kichujio cha tovuti kinatakiwa kuondoa yale usiyoyahitaji na kukuachia yale unayoyahitaji, bila kumeza hata moja. Kosa la kwanza, la kuachia mengi mno, linaudhi. Kosa la pili, la kumeza, ndilo lililomkosesha kijana yule usaili, kwa sababu aliyekosa kitu hana njia ya kujua kwamba kilikuwepo.

Majina yetu yana tahajia nyingi

Tuanze na majina, maana humo ndimo watu wengi hupotea. Jambo la kwanza kwa mafundi wetu ni kwamba kompyuta, kabla ya kulinganisha majina, isahau tofauti zisizo na maana. Herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Nafasi mbili zilizoachwa kwa bahati mbaya ziwe moja. Ritifaa za kila aina ziondolewe wakati wa kulinganisha, ili Ng'ang'a apatikane hata mtu akiandika Nganga. Jina lenyewe libaki kwenye orodha kama mwenyewe alivyoliandika. Kinachobadilika ni namna ya kutafuta.

La pili ni mpangilio wa majina. Mtu ana majina matatu kwenye kitambulisho, lakini barua ya maombi ameanza na jina la baba. Kichujio kinachotaka majina yafuatane vilevile kitamkosa. Kila neno litafutwe peke yake, popote lilipo.

La tatu ni tahajia. Kuna mbinu mbili za zamani ambazo mafundi wanazifahamu, na ni vyema nasi tuzielewe. Mwaka 1918 Mmarekani Robert C. Russell alipata hataza ya mbinu inayoitwa Soundex. Mbinu hii huiacha herufi ya kwanza ya jina, hutupa irabu, kisha huzipa konsonanti zinazofanana kwa sauti tarakimu moja. Kwa hesabu hiyo Mohamed, Mohammed na Muhammad yote huwa M530. Ukitafuta moja, unayapata yote. Lakini mbinu hiyo ilitungiwa majina ya Kiingereza, na kwetu ina pengo. Khadija huwa K320 na Hadija huwa H320, kwa sababu tu herufi ya kwanza ni tofauti.

Mbinu ya pili ni ya mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965. Yeye huhesabu ni herufi ngapi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe lingine. Kutoka Khadija hadi Hadija ni hatua moja, basi wanapatikana. Lakini kutoka Muhammad hadi Mohamed ni hatua tatu, na ukiruhusu hatua tatu kwa kila jina utaletewa watu wasiohusika kabisa. Kwa hiyo moja huziba pengo la nyingine, na tovuti inayowahudumia watu wa makabila na dini nyingi inafaa itumie zote mbili.

Pamoja na hayo, majibu yasichanganywe. Majina yaliyoandikwa sawasawa na uliyoandika yatangulie. Chini yake kuwe na kichwa kinachosema "Majina yanayofanana", ili mtu ajue kwamba hapo anapaswa kuangalia vizuri kabla ya kufurahi au kuhuzunika.

Chagua au andika?

Kuna mambo ambayo mtu lazima ayaandike, kama jina. Kuna mengine ambayo majibu yake yanajulikana na ni machache: wadi, sekta, mwaka wa fedha, hali ya mradi. Hayo yawekwe kama orodha ya kuchagua. Ukimwachia mtu aandike mwenyewe, mmoja ataandika "maji", mwingine "Water", na wa tatu "visima".

Hapa nawageukia wenzangu wa idara zote, si wa teknolojia peke yao. Kichujio hakiwezi kurekebisha jedwali lililojazwa ovyo. Kama mradi mmoja umeandikwa "Maji", wa pili "Maji na Usafi" na wa tatu "Water", mkazi akichagua "Maji" atapata theluthi ya ukweli. Anayeingiza data atumie orodha ileile atakayoiona mwananchi.

Mwaka wa fedha nao huwachanganya wengi. Huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mkazi aliyeona trekta ikichimba barabara mwezi Mei 2024 atatafuta "2024", kumbe mradi huo uko chini ya 2023/24. Akiandika 2024, tovuti imwonyeshe 2023/24 na 2024/25, kisha achague. Na tarehe ziandikwe mwezi kwa maneno. 03/07/2024 kwetu ni tarehe 3 Julai, lakini programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa Machi 7.

Maneno mawili madogo: "na", "au"

Tuseme mama mmoja anaishi mpakani mwa wadi mbili. Anataka kuona miradi ya maji katika wadi zote mbili. Anachagua wadi ya kwanza, anachagua ya pili, kisha anachagua sekta ya maji. Anachomaanisha ni hiki: mradi uwe katika wadi hii au ile, na uwe wa maji.

Fundi asipokuwa makini, kompyuta itaelewa kwamba mradi uwe katika wadi hii na ile kwa wakati mmoja. Karibu hakuna mradi wa namna hiyo kwenye jedwali, kwa hiyo mama ataambiwa hakuna mradi wa maji kwao. Kanuni ni rahisi: ndani ya kichujio kimoja, machaguo huunganishwa kwa "au". Kati ya kichujio kimoja na kingine, huunganishwa kwa "na". Na kando ya kila chaguo kuwe na idadi, kwa mfano "Maji (14)", ili mtu ajue kilichomo kabla hajabonyeza.

Miradi inayotoweka

Kuna makosa matatu yanayoficha habari bila mtu yeyote kukusudia. Nawaomba mafundi wayatafute kwenye kila jedwali.

La kwanza ni nafasi iliyoachwa wazi. Mradi ukiingizwa bila wadi kutajwa, hauonekani ukichagua wadi yoyote. Upo katika jumla ya fedha, lakini hakuna kijiji kinachouona, na hivyo hakuna anayeuliza maswali juu yake. Dawa yake ni kuweka chaguo linalosema "Wadi haijatajwa". Hapo wananchi watauona, na idara husika itaona haya na kuijaza.

La pili ni kuchuja ukurasa mmoja. Majedwali mengi huonyesha mistari 20 kwanza, kisha unabonyeza "endelea". Kuna vichujio ambavyo hutafuta ndani ya ile mistari 20 iliyo mbele yako tu. Ukitafuta mradi ulio kwenye ukurasa wa sita, unaambiwa haupo. Kichujio lazima kipitie jedwali lote.

La tatu ni nambari zilizohifadhiwa kama maneno. Kompyuta ikizipanga nambari kama inavyopanga maneno ya kamusi, huanza kwa kulinganisha tarakimu ya kwanza, na shilingi 950,000 huonekana kubwa kuliko shilingi 12,000,000 kwa sababu 9 ni kubwa kuliko 1. Mkazi anayetaka kuona kandarasi ghali zaidi ataletewa ndogo juu na kubwa chini. Katika masuala ya fedha za umma, hilo si kosa dogo.

Tukumbuke simu na bando

Wengi wetu tunafungua tovuti kwa simu, na bando si bure. Jedwali lenye safu kumi haliwezi kutosha kwenye kioo cha simu. Ni afadhali kila mradi uonekane kama kadi ndogo: jina, wadi, kiasi cha fedha, hali yake. Anayetaka zaidi abonyeze.

Vichujio viwe nyuma ya kitufe kimoja kilichoandikwa "Chuja". Mtu achague yote anayotaka, kisha abonyeze "Onyesha matokeo" mara moja. Tovuti inayojipakia upya kila unapogusa chaguo moja hula bando, na mahali ambapo mtandao ni dhaifu utangoja hadi ukate tamaa.

Baada ya kuchuja, juu ya majibu yaonekane maneno yanayoeleza kilichochaguliwa: "Sekta: Maji", "Mwaka: 2023/24", kila moja ikiwa na alama ya kuiondoa. Watu wengi husahau kwamba walichagua kitu dakika kumi zilizopita, kisha wakadhani orodha yote ndiyo ile. Na ukifungua mradi mmoja kisha ukarudi nyuma, machaguo yako uyakute pale pale. Machaguo ya wadi na sekta yaingie pia kwenye anwani ya ukurasa, ili ukituma kiungo kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji, wenzako waone ulichokiona wewe.

Tusiwasahau wasioona vizuri. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka rangi ya maandishi ya kawaida na ya mandhari yake zitofautiane kwa kiwango cha angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo. Miongozo hiyo, katika toleo la 2.1 la mwaka 2018, inataka pia idadi ya majibu inapobadilika, programu inayomsomea kipofu imtangazie bila yeye kuanza kuitafuta. Mradi uliokwama usionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake. Neno "Umekwama" liandikwe.

Na lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vitufe vyetu visome "Chuja", "Ondoa vyote", "Pakua". Hayo si maneno magumu kwa mtu yeyote.

Namna ya kusema "hakuna"

Hata kichujio kizuri kuna siku kitakosa jibu. Siku hiyo ukurasa usimfukuze mtu kwa maneno mawili. Useme mambo manne: ulitafuta nini, orodha ilisasishwa lini, ufanye nini sasa, na umwone nani. Kwa mfano:

"Hakuna mradi wa maji wa mwaka 2023/24 katika wadi uliyochagua. Ukiondoa mwaka, kuna miradi 6. Kuna pia miradi 2 ambayo wadi yake haijatajwa. Kama bado huoni unachotafuta, wasiliana na dawati la habari."

Ningekuwa na ukurasa kama huo siku ile, nisingemwambia kijana "hukuitwa". Ningemwambia, "Hatujaliona kwa tahajia hii, hebu tuangalie tena."

Mipaka ya kutafuta

Kurahisisha utafutaji hakumaanishi kuanika kila kitu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi. Nambari ya kitambulisho na ya simu zisionekane kwenye jedwali la umma wala kwenye anwani ya ukurasa. Ule utafutaji wa majina yanayofanana niliousifu unafaa kwa miradi, kampuni, na orodha za watu wazima zinazotakiwa kuchapishwa. Kwa watoto, kama vile wanaoomba basari, mzazi atumie nambari ya maombi aliyopewa, naye apate jibu la mtoto wake peke yake. Asiletewe majina ya watoto wa jirani.

Ombi langu kwenu

Ndugu wakazi, si lazima uwe fundi ili uikague tovuti. Ukifika nyumbani fanya majaribio matatu. Kwanza, tafuta mradi ambao unajua kwa macho yako kwamba upo, kama zahanati au daraja la kwenu. Pili, utafute tena ukikosea herufi moja makusudi. Tatu, fungua mradi mmoja kisha urudi nyuma uone kama machaguo yako bado yapo. Jaribio likishindwa, piga picha ya kioo cha simu, andika ulitafuta nini na siku gani, utuletee. Malalamiko yanayosema "tovuti ni mbaya" hayamsaidii fundi. Yanayosema "nilichagua wadi mbili nikapata sifuri" anaweza kuyafanyia kazi siku hiyo hiyo.

Na tovuti ikikuambia hakuna, usiishie hapo. Sheria ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kusaidiwa na afisa ili ombi lake liandikwe. Ofisi inatakiwa kukupa uamuzi mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 21. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Usiporidhika, Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman, inaweza kuliangalia upya.

Wenzangu wa teknolojia, najua mna kazi nyingi. Tukianza na ritifaa peke yake, pengine ni kazi ya alasiri moja, na kila mwenye jina kama la yule kijana ataweza kujiona kwenye orodha. Naomba tuanze na hiyo.